Mali Bila Daftari

Kwa miaka tisa nilikuwa mtunza stoo ya dawa katika hospitali moja ya wilaya ambayo sina haja ya kuitaja, na kila ulipofika mwisho wa Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapofungwa, nilishinda humo ndani siku mbili au tatu pamoja na mkaguzi, leja zangu na joto la bati. Mkaguzi niliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hakuwa na desturi ya kuamini katoni. Nikimwambia kwamba pale ukutani kuna katoni arobaini za maji ya dripu, alizihesabu kwa macho, akaandika, kisha akanyoosha kalamu kwenye katoni moja, mara nyingi iliyo chini kabisa ya safu, akasema, "Hiyo, mwanangu. Ifungue." Nilishusha zilizo juu yake moja baada ya nyingine huku nikinung'unika kimoyomoyo. Mwaka mmoja tuliifungua hiyo ya chini tukakuta magazeti ya zamani, yamefungwa kwa kamba na kupangwa vizuri ili uzito usimshtue mtu. Si mimi niliyeyaweka, lakini nilihojiwa kwa wiki tatu, na tangu hapo sijaweza kusoma tarakimu yoyote ya mali iliyomo ghalani bila kujiuliza ni nani aliyefungua katoni.

Nilimkumbuka mama huyo tarehe 5 Februari 2026, siku ambayo muda wa mkataba wa New START kati ya Marekani na Urusi ulikwisha bila mkataba mwingine kushika nafasi yake. Mkataba huo, uliotiwa saini na Barack Obama na Dmitry Medvedev mjini Prague tarehe 8 Aprili 2010, uliruhusu kila upande kuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu yenyewe, visivyozidi 1,550 vilivyokwisha kuwekwa tayari kwa matumizi ya masafa marefu, pamoja na makombora na ndege za kuvibeba zisizozidi 700 zilizo kazini. Waandishi wengi waliishika hiyo 1,550 na kuomboleza kwamba kikomo kimeondoka. Mimi, kwa mazoea ya kazi, niliwaza zaidi vifungu vinavyosomwa na wachache: ukaguzi mara 18 kwa mwaka, taarifa za hesabu kila baada ya miezi sita, na namba ya utambulisho kwa kila kombora, mithili ya namba ya toleo inayobandikwa kwenye kila boksi la dawa.

Namna ukaguzi wenyewe ulivyofanyika inastahili kuelezwa polepole. Wakaguzi walipofika kambini, wenyeji waliwapa orodha iliyoonyesha kila kombora limebeba vichwa vingapi, na kisha wageni wakachagua wenyewe moja la kuonyeshwa. Kofia ya mbele ya kombora iliondolewa, lakini vichwa vilivyokuwa ndani vilifunikwa kwa vifuniko maalumu vya mwenyeji, ili mgeni aweze kuhesabu idadi yake asiweze kusoma umbo lake. Na pale mwenyeji aliposema kwamba kitu fulani hapo si cha nyuklia, mkaguzi aliruhusiwa kukisogezea kifaa cha kunasa nyutroni, chembe zinazotoka kwenye mali ya nyuklia, na kuhakikisha. Ukiondoa kifaa hicho, ni yule mama yangu na kalamu yake. Ukaguzi wa aina zote chini ya mkataba huo ulifanyika mara 328 kabla ya kusimama Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Haukuanza tena, na tarehe 21 Februari 2023 Vladimir Putin alitangaza kwamba Urusi inasimamisha ushiriki wake. Kwa hiyo kilichofika mwisho Februari 2026 kilikuwa mkataba ambao macho yake yalikuwa yamefumba karibu miaka sita.

Ninayasema haya kwa sababu mjadala wa kupunguza silaha za nyuklia huendeshwa kama ugomvi wa idadi: huyu anataka sifuri, yule anaona mia tatu zinatosha kumtisha adui yeyote, mwingine anataka ziongezwe kwa kuwa China inaongeza. Kwangu mimi swali hilo ni la pili. Linatanguliwa na swali la leja, yaani kama kuna kitabu ambacho watu wasiopendana wamekubali kukisoma pamoja, kwa sababu bila hicho hata neno "kupunguza" halina maana inayoweza kuthibitishwa.

Tazama jinsi jumla yenyewe inavyoteleza. Taasisi ya Utafiti wa Amani ya Kimataifa ya Stockholm ilikadiria kwamba Januari 2025 kulikuwa na vichwa vya nyuklia 12,241 mikononi mwa nchi tisa. Mtunza stoo akisikia jumla ya namna hiyo huuliza kwanza imejumlisha nini. Katika stoo yangu kulikuwa na dawa zilizokwisha kutolewa kwenda wodini na dirishani, kulikuwa na akiba iliyobaki rafuni, na kulikuwa na kona ya dawa zilizopita muda, ambazo zilikwisha kufutwa kwenye leja lakini zilikuwa bado chini ya paa lile lile zikisubiri kibali cha kuteketezwa, kibali ambacho hakikuwa na haraka ya kuja. Silaha nazo zina mafungu hayo hayo. Kati ya hizo 12,241, takriban 9,614 zilikuwa mali ya majeshi kwa ajili ya matumizi, na zilizosalia zilikuwa zimestaafishwa zikisubiri kubomolewa. Takriban 3,912 zilikuwa zimefungwa kwenye makombora au zimewekwa katika kambi za ndege, na karibu 2,100 miongoni mwa hizo zilikuwa katika hali ya kuweza kurushwa ndani ya muda mfupi sana, takriban zote zikiwa za Urusi na Marekani. Hivyo mtu akikuambia kwamba Marekani ilikuwa na vichwa visivyozidi 1,550, mwingine akasema takriban 3,700, na wa tatu akasema 5,177, yumkini wote watatu wamesema kweli. Tena hata hiyo 1,550 ilikuwa na mzaha wake wa kihasibu, kwani kila ndege kubwa ya kudondosha mabomu ilihesabiwa kuwa kichwa kimoja, hata kama ina uwezo wa kubeba makombora zaidi ya kumi.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nadharau kilichofanyika. Mwaka 1986, kwa makadirio yanayotumiwa na watafiti wengi, dunia ilikuwa na vichwa zaidi ya 70,000. Marekani peke yake ilikuwa imewahi kufika 31,255 mwaka 1967. Leo tumebaki na chini ya moja ya tano ya kile kilichokuwapo. Anayeshikilia kwamba nchi kubwa haziwezi kamwe kupunguza silaha zake anakataa jambo ambalo limekwisha kutokea watu wa rika langu wakiwa hai.

Hatua iliyofungua njia hiyo ilikuwa mkataba wa makombora ya masafa ya kati, uliotiwa saini na Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987. Kufikia katikati ya mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa, 1,846 ya Wasovieti na 846 ya Wamarekani, na kwa mara ya kwanza maadui hao walipeana wageni wa kudumu. Wakaguzi wa Kimarekani wasiozidi 30 walihamia Votkinsk, mji wa viwanda upande wa magharibi wa milima ya Ural, wakakaa langoni mwa kiwanda cha makombora wakipima kila gari na kila behewa lenye urefu wa kutosha kuficha kombora. Wasovieti nao wakapiga kambi Magna, katika jimbo la Utah, wakifanya kazi hiyo hiyo ya bawabu. Ninapowafikiria watu hao, majira ya baridi baada ya majira ya baridi, wakiandika namba za mabehewa, najihisi kama ndugu yao.

Lakini kuna kifungu kimoja ndani ya mkataba huo ambacho picha za televisheni hazikukionyesha. Kabla ya kombora kulipuliwa au kukatwa vipande, mwenye mali aliruhusiwa kuchomoa kichwa cha nyuklia pamoja na mitambo ya kuongozea na kurudi navyo nyumbani. Moshi tuliouona ulikuwa wa chombo cha kubebea. Na tangu wakati huo hadi sasa hakuna mkataba kati ya Marekani na Urusi uliowahi kumpeleka mkaguzi wa upande wa pili akashuhudie kichwa chenyewe kikibomolewa. Marekani hubomoa vyake katika kiwanda cha Pantex, karibu na Amarillo, Texas, na viini vya plutoniamu vinavyotolewa humo vimehifadhiwa hapo hapo kwa maelfu. Mikataba yote hii, pamoja na uzuri wake, ilihesabu rafu na milango. Katoni ya chini kabisa haijafunguliwa bado.

Kuna tukio moja linalonipinga, nami sitalificha. Tarehe 27 Septemba 1991 George Bush mkubwa alitangaza kwamba Marekani inaziondoa silaha zake karibu zote za nyuklia za masafa mafupi, zile za mizinga, za nchi kavu na za kwenye meli, bila kungoja mkataba. Siku nane baadaye Gorbachev akajibu kwa tangazo kama hilo. Maelfu ya silaha yaliondolewa kazini, hapakuwa na mkaguzi wala saini, na inawezekana kabisa kwamba hatua hiyo ilipunguza hatari kuliko miaka kumi ya mazungumzo. Kwa nini iliwezekana? Kwa maoni yangu, kwa sababu Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukimomonyoka, na pande zote mbili zilihofia jambo moja, kwamba silaha ndogo zilizotawanyika zingeokotwa na mtu asiyejulikana. Nia ilikuwapo, ndiyo. Lakini angalia kilichobaki baada ya zaidi ya miaka 30: kwa kuwa hakuna aliyeandika hesabu ya kilichoondoka na kilichosalia, makadirio ya silaha za masafa mafupi za Urusi yanacheza kati ya 1,000 na 2,000. Pengo la silaha elfu moja! Mimi nilihojiwa wiki tatu kwa katoni moja ya dripu.

Pengo hilo linaonekana dogo leo kwa sababu jumla ni kubwa, na hapa ndipo penye ugumu ambao watetezi wa kupunguza, nikiwamo mimi, huwa tunauruka. Nchi yenye vichwa 5,000 ikidanganywa na mwenzake kwa vichwa 50, hakuna kilichobadilika kijeshi. Pande zote mbili zikishuka hadi 100, vichwa hivyo 50 vilivyofichwa ni nusu ya nguvu ya adui. Zikifika sifuri, mwenye hamsini ana kila kitu. Kadiri idadi inavyoshuka, ndivyo leja inavyotakiwa kuwa sahihi zaidi, na ndivyo mwenye mali anavyoombwa kufungua mambo anayoyaona kuwa siri ya uhai wake. Wanaopinga kupunguza huitumia hoja hii kama ukuta. Mimi naiona kama orodha ya kazi, kwa sababu kuna nchi iliyofika sifuri na ikakaguliwa, nayo ipo barani kwetu.

Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia Bunge la Afrika Kusini kwamba nchi hiyo ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya nyuklia, na kwamba yote yalikuwa yamekwisha kubomolewa kabla ya nchi kujiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia Julai 1991. Hebu jiweke kwenye nafasi ya wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mwenye mali anakuambia alikuwa na sita, amezivunja mwenyewe ukiwa hupo, na michoro mingi ya mabomu ameiteketeza. Utajuaje kwamba hayakuwa manane? Walifanya kazi ambayo mtunza stoo yeyote anaielewa: walikwenda kwenye kumbukumbu za kiwanda kilichorutubisha urani, madini ya kutengenezea bomu, tangu miaka ya 1970, wakalinganisha kilichoingia, kilichotoka kikiwa kimerutubishwa na masalia yaliyotupwa, wakatafuta kama mizani inalingana. Walipelekwa pia kwenye jangwa la Kalahari kuona mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya majaribio. Walihitimisha kwamba hakuna dalili ya kuonyesha kuwa hesabu waliyopewa ilikuwa na upungufu. Urani yenyewe haikuyeyuka hewani, ilihifadhiwa Pelindaba, kituo cha nyuklia cha nchi hiyo karibu na Pretoria, chini ya usimamizi wa shirika hilo. Silaha zilikwisha, mali ikabaki kwenye leja. Sijisahaulishi kwamba utawala wa makaburu haukutaka kuikabidhi silaha hiyo kwa serikali ya weusi iliyokuwa inakuja, wala simpi mtu sifa ya utakatifu. Ninachokisifu ni kwamba makarani wa kiwanda kile walikuwa wameandika.

Jina la Pelindaba, linaloelezwa kuwa limetokana na maneno ya Kizulu yenye maana kwamba jambo limekwisha, ndilo lililopewa mkataba unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulifunguliwa kwa saini mjini Cairo Aprili 1996, ukakaa miaka 13 ukisubiri nchi ya 28 kuuridhia, na nchi hiyo, iliyoufanya uanze kutumika Julai 2009, ilikuwa Burundi. Nimekutana na Warundi wasomi wasioijua habari hii, nikafurahi kuwa mimi ndiye niliyewapa.

Na sisi Watanzania tunayo yetu. Mei 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki kuzitaka nchi zenye silaha za nyuklia zisimamishe kuzijaribu, kuzitengeneza na kuzisambaza. Watu hukumbuka mwito huo, kama wanaukumbuka, kwa upande wake wa maadili. Kinachonivutia mimi ni kilichotokea Ixtapa, Mexico, Agosti 1986. Palme alikuwa ameuawa mwezi Februari, Indira Gandhi aliuawa mwaka 1984 na mwanawe Rajiv ndiye aliyekuja, na Nyerere alikuwa amekwisha kung'atuka urais. Lakini kundi hilo halikuishia kuhubiri, lilijitolea kutoa wataalamu na vituo vya kusaidia kuthibitisha kwamba majaribio yamesimama kweli. Kwa maneno mengine, nchi sita zisizokuwa na makombora ya nyuklia ziliwaambia wakubwa: kama hamwaminiani, sisi tutakaa mlangoni tuhesabu.

Hawakupewa kazi hiyo. Hata hivyo wazo lilirudi kwa njia nyingine, kwani mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote, uliofunguliwa Septemba 1996, una mtandao wa vituo duniani kote, na viwili kati ya hivyo viko karibu nasi: kituo cha mitetemo ya ardhi huko Kilimambogo, Kenya, na kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani jijini Dar es Salaam. Kazi ya kituo cha namna hii haina mbwembwe. Feni inavuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio kinaachwa saa 24 nyingine ili mionzi ya asili ipungue, kisha kinapimwa kwa saa 24 kuona kama kimenasa chembe zinazotoka kwenye mlipuko wa nyuklia, na kingine kinafuata. Mkataba wenyewe haujaanza kutumika kisheria, Marekani na China hazijauridhia, na Urusi ilifuta uridhio wake Novemba 2023. Vichujio vinaendelea kubadilishwa.

Kwingineko vitabu vinafungwa. Marekani ilitangaza mwaka 2010 kwamba ina vichwa 5,113 katika akiba yake ya kijeshi, ikanyamaza katika miaka ya mwisho ya awamu ya kwanza ya Donald Trump, ikarudia kutangaza mwaka 2021, na mwaka 2024 ikatangaza 3,748. Uingereza, iliyokuwa ikijisifu kwa uwazi, ilipandisha kikomo chake hadi vichwa 260 mwezi Machi 2021 na kusema haitatoa tena takwimu za akiba yake. Israel haijawahi kukiri kuwa nazo. China nayo ilikadiriwa Januari 2025 kuwa na vichwa takriban 600, na mamia ya mashimo yake mapya ya makombora, huko Yumen, Hami na Ordos, yalijulikana mwaka 2021 kwa sababu watafiti waliyaona kwenye picha za setilaiti za kibiashara. Hoja ya China kwamba wenye maelfu waanze wao ina uzito, na zamani ilikuwa kweli pia kwamba mwenye makombora machache husalimika kwa kuficha yalipo. Kwa mwenye 600 anayeendelea kujenga, naona hoja hiyo ya pili imepungua nguvu mno.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo kuliko wanachokitaka marafiki zangu wanaharakati. Kabla ya kubishana juu ya kikomo kipya, Marekani na Urusi zirudishe ubadilishanaji wa hesabu wa kila Machi na Septemba, kisha wakaguzi, hata kama hakuna upande utakaopunguza kichwa kimoja. Nimeambiwa kwamba huko ni kuzihalalisha silaha kwa kuziwekea karani. Huenda. Lakini sijaona mali iliyowahi kuteketezwa yote bila kwanza kuorodheshwa yote, na dawa zangu zilizopita muda ni shahidi.

Ukurasa wa mwisho uliojazwa na pande zote mbili ni wa tarehe 1 Septemba 2022. Marekani iliandika vichwa 1,420 kwenye vyombo 659, yaani makombora na ndege za kuvibeba. Urusi iliandika vichwa 1,549 kwenye vyombo 540, yaani pungufu ya kikomo kwa kichwa kimoja tu. Namwona mama yule akiitazama hiyo 1,549, akipandisha miwani yake yenye uzi, akinyoosha kalamu kuelekea chini ya safu.